Namna ya Kutengeneza Sanaa ya Video kwa Picha za Kiyama Zilizomo katika Filamu za Burudani

Mwaka 2007 msanii Tracey Moffatt wa Australia na mhariri Gary Hillberg walitoa kazi ya video ya dakika kumi iitwayo Doomed, ambayo imeundwa kwa vipande vilivyokatwa kutoka katika filamu za watu wengine. Ndani yake kuna majengo yanayoporomoka, mawimbi yanayomeza miji na watu wanaokimbia huku wakigeuka nyuma; hakuna shujaa mmoja wa kumfuata, na muziki ndio unaoyasukuma maangamizi hayo yote hadi kilele. Kazi ya aina hiyo inaweza kutengenezwa na mtu mmoja mwenye kompyuta ya kawaida, subira, na jicho lililozoea kutazama filamu kwa makini, na mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu huyo.

Kabla ya kufungua programu yoyote ya uhariri, yafaa kwanza kuelewa ni kitu gani filamu za maangamizi humuuzia mtazamaji. Kwa maoni yangu, humuuzia ahadi. Dunia itateketea na mamilioni watakufa, lakini kamera itabaki na familia moja, na wewe uliyeketi gizani umewekwa ndani ya gari la familia hiyo, ukiponea chupuchupu kila barabara inapopasuka. Msanii wa video anayezichukua picha hizo ana uwezo ambao mwongozaji wa filamu hakuwa nao, kwa sababu anaweza kuiondoa familia hiyo. Kipande kikishatenganishwa na hadithi yake, ahadi ya kuokoka hukatika, na wale watu wasio na majina waliokuwa wakipita nyuma ya shujaa huja mbele. Takriban kila uamuzi utakaoufanya, kuanzia uchaguzi wa filamu hadi mpangilio wa viti kwenye ukumbi, unaweza kuupima kwa swali hili: je, mtazamaji bado anadhani kwamba yeye atapona?

Tafuta tendo, acha milipuko

Anayeanza kazi hii huvutwa na milipuko, naye huikusanya kwa wingi. Ndani ya dakika mbili mtazamaji wake huwa amechoka, kwa kuwa mlipuko wa kumi haumwambii jambo ambalo wa kwanza haukumwambia. Isitoshe, mlipuko ndiyo sehemu ya filamu ambayo imekwisha kutumika kama tangazo. Ikulu ya Marekani inayolipuliwa katika Independence Day ilionyeshwa kwenye televisheni wakati wa fainali ya mpira wa Kimarekani, Super Bowl, mwezi Januari 1996, na filamu yenyewe ikatoka Julai; watu waliingia sinema wakiwa tayari wameiona picha waliyokuwa wameilipia. Ukiitumia picha kama hiyo bila kuifanyia jambo lolote, unalirudia tangazo.

Tafuta badala yake tendo dogo linalojirudia katika filamu nyingi, ambalo watengenezaji wake hawakudhani kwamba lingetazamwa kwa upekee. Mtu anainua uso kutazama angani. Televisheni inawashwa dukani na wateja wanasimama kimya. Rais anahutubia taifa, na hotuba yake inasikika katika vyumba ambavyo hatutaviona tena. Barabara kuu ina magari yaliyokwama upande mmoja na upande wa pili ni mtupu. Mkono unavuta pazia. Mtoto anauliza swali na mzazi wake anajifanya hakusikia. Ukishatazama filamu kumi za namna hii kwa kusudi hilo, utashangaa jinsi matendo hayo yanavyofanana kutoka muongo mmoja hadi mwingine, na kufanana huko ndiko kutakuwa uti wa mgongo wa kazi yako. Moffatt mwenyewe alilichukua tendo la kutazama dirishani na kulijengea kazi nzima iitwayo Vigil, ya mwaka 2017, alipoiwakilisha Australia kwenye maonyesho ya Venice: nyota wa sinema wanachungulia nje kwa hofu, na kile wanachokiona ni mashua iliyojaa watu wanaotafuta hifadhi.

Unaweza pia kuanza na swali la nani huangamizwa na nani husahauliwa. New York ilikuwa ikisombwa na maji tayari katika filamu ya Deluge ya mwaka 1933, na picha hizo za mafuriko zikaja kuuzwa na kuingizwa katika filamu nyingine za miaka iliyofuata, kwa hiyo tabia ya kuyatumia upya maangamizi ya mtu mwingine ilianza ndani ya biashara ya filamu yenyewe. Sehemu kubwa ya dunia iliyobaki hupewa sekunde chache: umati umesimama mbele ya jengo maarufu, unatazama juu, kisha tunarudi Marekani. Katika 2012, filamu ya mwaka 2009, bara la Afrika ndilo linaloinuka juu ya maji, milima ya Drakensberg inatajwa kuwa ndiyo mirefu kuliko yote sasa, na meli za walionusurika zinageuza njia kuelekea Rasi ya Tumaini Jema. Lakini filamu inakwisha bila kutuonyesha watu wanaoishi huko. Mhariri makini anaweza kukaa juu ya pengo hilo kwa dakika nzima.

Mwaka huohuo Wanuri Kahiu wa Kenya alitengeneza Pumzi, filamu fupi ambamo maangamizi yamekwisha kupita: vita vya maji vimeikausha dunia, watu wanaishi wakiwa wamefungiwa ndani, jasho na mkojo vinasafishwa vinywewe tena, na mwanamke mmoja anahangaikia mbegu. Naitaja kwa sababu inaonyesha kwamba picha za kiyama zinaweza kuwa za ukavu na ukimya, na kwa sababu mkusanyaji anayetazama filamu za Hollywood peke yake hatimaye huamini kwamba dunia ina namna moja tu ya kwisha.

Kutazama na kuandika kumbukumbu

Itazame kila filamu mara mbili. Mara ya kwanza itazame kama mtazamaji wa kawaida, ili ujue ni wapi ulipokamatwa na hadithi. Mara ya pili zima sauti kabisa. Bila muziki utaona mambo ambayo muziki ulikuwa ukiyafunika: waigizaji wa pembeni wanaokimbia huku wakitabasamu kidogo, mtu yuleyule akipita mara mbili mbele ya kamera, moshi unaoelekea upande usiolingana na upepo wa picha iliyotangulia.

Andika kila kipande unachokitaka kwenye jedwali la kompyuta. Weka jina la filamu na mwaka wake, saa na dakika na sekunde ambayo kipande kinaanza na kwisha, tendo lililomo, ukubwa wa picha (ya karibu, ya kati au ya mbali), mwanga, na sauti inayosikika. Ongeza safu moja ambayo wengi huisahau, nayo ni upande ambao mwendo unaelekea: kushoto, kulia, juu, chini, kuja kwetu au kwenda mbali nasi. Safu hiyo itakuokoa wakati wa uhariri, kwa maana utaweza kuliagiza jedwali likuonyeshe kila mtu anayekimbia kuelekea kushoto usiku, na papo hapo utakuwa na umati mmoja uliotoka katika filamu ishirini.

Hesabu ya kiasi cha vipande ni rahisi. Kazi ya dakika kumi ina sekunde 600. Kama wastani wa kipande ni sekunde tatu, unahitaji vipande 200. Kusanya angalau mara tatu ya hivyo, kwa kuwa vingi havitakubali kuketi pamoja. Mtu asiye na muda wa kukusanya vipande 600 afanye kazi ya dakika tatu. Kazi fupi iliyobanwa vizuri ina nguvu kuliko ndefu iliyojazwa kwa vipande ambavyo mhariri hakuwa na moyo wa kuviacha.

Mahali pa kupata picha, na suala la hakimiliki

Zipo picha nyingi ambazo hazina mwenyewe wa kuombwa ruhusa. Nchini Marekani, kazi zilizotengenezwa na serikali ya shirikisho hazilindwi na hakimiliki ya nchi hiyo, na miongoni mwake zimo filamu za majaribio ya mabomu ya nyuklia. Mwaka 2017 maabara ya taifa ya Lawrence Livermore ilianza kuziweka mtandaoni filamu za majaribio ambazo zilikuwa zimefichwa kwa miongo mingi. Mkusanyo ulioanzishwa na Rick Prelinger mwaka 1982, ambao sehemu yake kubwa ilichukuliwa na Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 2002, una maelfu ya filamu za matangazo, za shule na za viwanda, na sehemu kubwa inapatikana bure katika Internet Archive, maktaba ya mtandaoni. Huko utaipata Duck and Cover, filamu ya mwanzoni mwa miaka ya 1950 iliyowafundisha watoto wa Marekani kujificha chini ya madawati bomu linapolipuka. Night of the Living Dead, ya mwaka 1968, ni mali ya umma nchini Marekani kwa sababu tangazo la hakimiliki liliachwa jina la filamu lilipobadilishwa. Kutokana na kosa hilo moja, maiti wake wanaotembea wametumiwa na wasanii wengi. Kutoka Denmark kuna Verdens Undergang ya August Blom, iliyotengenezwa mwaka 1916, ambamo kometi inaikaribia dunia na mtu mmoja tajiri anajaribu kuchuma faida kutokana na hofu ya wengine. Kwa anayeanza, hazina hii inatosha kabisa, na ningemshauri afanye kazi yake ya kwanza kwa picha hizi peke yake.

Filamu za karibuni zina wenyewe, na wenyewe wana mawakili. Sheria ya Marekani ina nafasi ya matumizi ya haki inayopimwa kwa mambo manne: madhumuni ya matumizi, aina ya kazi iliyochukuliwa, kiasi kilichochukuliwa, na athari kwa soko la kazi ya asili. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inatambua matumizi ya haki kwa ajili ya ukosoaji na uhakiki, na ile ya Tanzania ya mwaka 1999 inaruhusu kunukuu kwa kiasi kinacholingana na madhumuni, mradi chanzo na mwandishi vitajwe. Hakuna kati ya sheria hizo inayotaja idadi ya sekunde zilizo salama, na maneno yanayozungushwa mitandaoni kuhusu sekunde saba au thelathini hayana msingi. Kinachokusaidia ni kuchukua vipande vifupi, kuvigeuza maana yake kwa namna inayoonekana wazi, na kuhifadhi lile jedwali lako, ambalo linaonyesha kwamba ulikuwa ukichunguza jambo. Fahamu vilevile kwamba kuvunja kufuli ya kidijitali ya diski au ya huduma ya kutazama filamu ni kosa la pekee katika nchi nyingi, na kwamba mitambo ya YouTube hutambua vipande vyenye mwenyewe bila kuuliza kusudi lako. Kazi inaweza kuonyeshwa ukumbini na bado ikazuiwa mtandaoni. Panga mapema unataka ionekane wapi, na palipo na fedha au taasisi kubwa, mtafute mwanasheria.

Kuandaa mafaili

Picha zako zitakuwa za kasi tofauti. Filamu za sinema huendeshwa kwa fremu, yaani picha moja moja zinazofuatana, 24 kwa sekunde, nakala nyingi za televisheni za Ulaya huendeshwa kwa 25, na zile za Marekani kwa takriban 30. Filamu zisizo na sauti mara nyingi zilipigwa kwa kasi ndogo zaidi. Chagua kasi moja ya mradi mzima, nayo iwe ile ya vipande vyako vingi. Nakala iliyotoka fremu 24 kwenda 25 hukimbia kwa asilimia nne na sauti yake huwa nyembamba kidogo, hivyo irudishe kwenye kasi yake kabla ya kuitumia.

Geuza vipande vyote kuwa faili la aina moja linalofaa kwa uhariri, kama ProRes au DNxHR. Saa moja ya ProRes 422 yenye ukubwa wa 1920 kwa 1080 na fremu 25 kwa sekunde huchukua takriban gigabaiti 55, kwa hiyo usigeuze filamu nzima; kata kwanza vipande unavyovihitaji, ukiacha sekunde moja ya ziada kila upande. Kompyuta ikiwa dhaifu, tengeneza nakala nyepesi za kuhariria na uziache zile nzito kwa hatua ya mwisho. Kwa programu za uhariri, DaVinci Resolve katika toleo lake la bure, Kdenlive na Shotcut zote zinatosha. Hifadhi kila kitu kwenye diski mbili zinazokaa mahali tofauti.

Umbo la fremu ni suala la sanaa kuliko la ufundi. Filamu za zamani zina umbo la karibu mraba, na zile za skrini pana ni ndefu kama utepe. Wapo wanaokata kila kipande kiwe na umbo moja ili mtiririko usikatike. Mimi napendelea kuyaacha maumbo yalivyo, pamoja na mikanda myeusi, kwa sababu mtazamaji anaona enzi zikibadilika mbele ya macho yake ilhali hofu ni ileile.

Uhariri

Hapa ndipo kazi inapofaulu au kuanguka, na ndipo unapopaswa kutumia muda mwingi kuliko hatua nyingine zote zikijumlishwa.

Anza kwa kuunganisha macho na vitu. Sinema ilijifunza zamani kwamba uso ukifuatwa na kitu, mtazamaji huamini kwamba uso huo unakitazama kitu hicho, hata kama viwili hivyo vilipigwa katika nchi mbili tofauti. Msanii wa Marekani Bruce Conner aliitumia kanuni hiyo katika A Movie, kazi ya dakika 12 ya mwaka 1958: nahodha wa nyambizi anachungulia kwenye darubini yake, tunaona mwanamke aliyejilaza kwa ajili ya kupigwa picha, nahodha anafyatua kombora, na kinachoinuka ni wingu la bomu la nyuklia. Vipande vinne hivyo vinasema juu ya tamaa na silaha jambo ambalo ukurasa mzima wa maelezo ungelihangaikia. Jaribu kuunganisha uso wa mwaka 1954 na anga la mwaka 2009. Panga nyuso kumi zinazotazama juu mfululizo bila kumwonyesha mtazamaji kile kinachotazamwa, na uhesabu ni baada ya nyuso ngapi wewe mwenyewe unaanza kukosa raha. Baada ya hapo ongeza nyingine mbili.

Kisha fuata mwendo. Mtu akitoka fremu upande wa kulia katika kipande cha kwanza, kipande cha pili kianze na mwendo unaoingia kutoka kushoto, na macho yatateleza bila kuhisi mkato. Ukitaka mtazamaji ashtuke, fanya kinyume. Kata wakati mwendo ungali unaendelea, usisubiri uishe, na uondoe bila huruma sekunde ambazo shujaa anatambulika. Nyota maarufu anapoonekana kwa muda wa kutosha kutajwa jina, watu ukumbini hulitaja kwa sauti, na kutoka hapo wanatazama fumbo la kutambua filamu. Mtumie mgongo wake, mkono wake, au umati unaompita.

Muundo wa filamu hizi una sehemu tatu: kabla, wakati na baada. Filamu yenyewe huipa sehemu ya kati fedha na dakika nyingi. Nakushauri uipe sehemu ya kwanza nusu ya kazi yako. Kifungua kinywa ambacho hakijaliwa, redio inayokoroma, mbwa asiyekubali kuingia ndani, ndege wanaoruka wote kwa pamoja: katika picha hizo dunia bado ipo na tayari imekwisha kuhukumiwa, na mtazamaji anazitambua kutoka katika asubuhi zake mwenyewe. Maangamizi yenyewe yanaweza kupita kwa kasi, vipande vya nusu sekunde, mpaka yawe karibu na rangi tupu. Sehemu ya baada iwe ndefu na ya polepole, isiyo na jua la kuchomoza wala manusura wanaokumbatiana, maana hayo ndiyo malipo ya ahadi uliyokwisha kuikata.

Kupunguza kasi kunahitaji uangalifu. Douglas Gordon, katika 24 Hour Psycho ya mwaka 1993, aliinyoosha filamu nzima ya kutisha ifike saa 24, takriban fremu mbili kwa sekunde, na kutisha kwake kukageuka kuwa jambo jingine kabisa, kwa kuwa kila ishara ya mkono inatazamwa kwa muda mrefu kuliko alivyokusudia mtu yeyote. Lakini picha nyingi za majengo yanayolipuka zilipigwa kwa kutumia mifano midogo, na kamera ilikimbizwa kwa fremu nyingi kwa sekunde ili vipande vidogo vya plasta vionekane vizito kama zege. Picha hizo zimekwisha kupunguzwa kasi. Ukizipunguza tena, huonekana kama vumbi la karakana. Mara nyingine hilo ndilo unalolitaka, kwani mtazamaji hupata kuona mkono wa fundi ndani ya kiyama.

Njia nyingine ni kuacha kupanga vipande kwa mfululizo na kuviweka vyote ndani ya fremu moja. Marco Brambilla alifanya hivyo katika Civilization ya mwaka 2008, iliyotengenezwa kwa ajili ya lifti za hoteli moja ya New York: mamia ya vipande vya filamu vimefumwa kuwa mandhari moja inayopanda kutoka jehanamu hadi peponi. Njia hii inataka ujuzi wa kukata maumbo kutoka kwenye mandharinyuma na kompyuta yenye nguvu, na si mahali pazuri pa kuanzia.

Sauti

Somo kubwa kuliko yote ninayoyajua kuhusu sauti linatoka katika kazi nyingine ya Conner, Crossroads, ya mwaka 1976. Alichukua picha zilizopigwa na serikali ya Marekani wakati wa jaribio la bomu lililolipuliwa chini ya maji huko Bikini, visiwa vya Bahari ya Pasifiki, tarehe 25 Julai 1946, akazirudia kutoka pembe mbalimbali kwa zaidi ya nusu saa. Katika sehemu ya kwanza tunasikia ndege, mngurumo wa eropleni na kishindo cha mlipuko, na karibu kila mtu hudhani kwamba sauti hizo zilirekodiwa pale pale; ukweli ni kwamba Patrick Gleeson alizitengeneza kwa kinanda cha kielektroniki. Kisha muziki wa Terry Riley unaingia, na wingu lilelile linaacha kuwa ushahidi na kuwa kitu cha kutazamwa kwa ndoto, jambo linalomtia mtazamaji hatiani kwa kuliona kuwa zuri. Picha hazikubadilika. Sauti ndiyo iliyobadilika.

Kwa hiyo ondoa muziki wote wa asili mwanzoni mwa uhariri, ubaki na sauti za vitu: miguu, vioo, pumzi, upepo. Tandika sauti moja ndefu inayopita chini ya vipande vyote, ili vionekane kutoka katika dunia moja, na uiache sauti ya kipande kinachofuata iingie kidogo kabla ya picha yake. Epuka ule mvumo mzito wa matangazo ya filamu. Masikio ya watu yameshafundishwa kuufurahia. Ukimya wa sekunde nne baada ya kelele ndefu una uzito ambao mvumo huo hauwezi kuufikia.

Msanii anayefanya kazi kwa Kiswahili ana njia ambayo wenzake wengi hawana. Katika mabanda ya video ya Kenya na Tanzania, filamu za kigeni zimezoeleka kusimuliwa kwa Kiswahili na msimulizi anayepita juu ya sauti za waigizaji, akitafsiri, akionya, akiwapa wahusika majina ya mtaani. DJ Afro wa Kenya amejulikana sana kwa kazi hiyo. Sauti ya namna hiyo, ikiandikwa upya na wewe na kusomwa na mtu uliyemwomba, inaweza kuwataja wale waliokufa nyuma ya shujaa. Njia tulivu zaidi ni ya tenzi. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir inayatazama majumba ya Pate yaliyokuwa na taa na fahari, ambayo sasa wanaolala katika madaka yake ni makinda ya ndege, na haihitaji mlipuko hata mmoja. Isomwe polepole juu ya picha za miji mitupu ya sinema, na mtazamaji wa pwani ataelewa mara moja kwamba miji hiyo imewahi kutabiriwa kwa lugha yake.

Mpaka kati ya picha za kubuni na za kweli

Picha za kubuni za maangamizi na zile za kweli zimelala kitanda kimoja tangu zamani. Tarehe 1 Machi 1954 jaribio jingine la bomu, huko huko Bikini, liliwamwagia vumbi la mionzi wavuvi wa Japani waliokuwa katika mashua ya Daigo Fukuryu Maru. Mwezi Novemba mwaka huohuo filamu ya kwanza ya Godzilla ikatoka, na mwanzoni mwake kuna meli zinazoteketea baharini kwa mwanga usioelezeka. Unapounganisha dubwana hilo na wingu la Bikini, unazirudisha picha mbili kwenye chanzo chao, na huo ni uunganishaji wa haki.

Hali ni tofauti unapochukua mwili wa mtu aliyekufa kweli, katika vita au mafuriko ya jana, ukaupachika kati ya majengo ya kuigiza ili kazi yako ipate uzito. Jamaa wa mtu huyo wapo. Kanuni ninayoipendekeza ni kwamba picha ya msiba wa kweli iingie ikiwa tu kazi nzima inaizungumzia, kama mashua ilivyo kiini cha Vigil, na kwamba pasiwe na uso unaotambulika wa mtu anayeteseka. Kama picha inaweza kuondolewa bila kazi kuvunjika, iondoe.

Kuonyesha

Ukumbini watu huingia na kutoka wakati wowote, kwa hiyo kazi lazima istahimili kuanzwa katikati. Maliza kwa picha ambayo inaweza kuitangulia ile ya kwanza, halafu weka faili lijirudie bila kukoma. Sehemu ya baada ikirudi moja kwa moja kwenye kifungua kinywa kisicholiwa, maangamizi yanakuwa hayana mwisho. Toa faili la MP4 la aina ya H.264 kwa ukubwa wa 1920 kwa 1080, ulijaribu kwenye kifaa kilekile kitakachotumika, na uangalie kama kuna fremu nyeusi mahali linapojirudia. Palipo na umeme wa kukatikakatika, chagua kifaa kinachoanza kucheza chenyewe umeme unaporudi.

Picha iwe kubwa kiasi cha kumzidi mtu kimo, na chumba kiwe na giza la kutosha ili sehemu nyeusi zisiwe kijivu. Weka benchi moja fupi badala ya safu za viti, na liwe mbali kidogo na skrini, ili watu wengine wasimame na waonekane kwa migongo yao mbele ya picha, wakitazama juu. Ukutani andika majina ya filamu zote ulizozitumia na miaka yake. Mwisho, pitia upya kila sehemu yenye mikato ya haraka au mwanga unaomulika: mmweko unaozidi mara tatu kwa sekunde unaweza kumletea kifafa mtu mwenye ugonjwa huo, hivyo punguza kasi ya mikato hiyo, na pale ambapo kazi haiwezi kuiacha, bandika onyo mlangoni kwa herufi zinazosomeka kabla mtu hajaingia gizani.